Somo: Zailanesi yako inavumilia joto kwa dakika ngapi? Ipime hivi

Wasee, zailanesi ni kimeng'enya kinachokata zailani, sukari ndefu ya kwenye mbao, na viwanda vya karatasi hukitumia kusaidia kufanya karatasi iwe nyeupe. Hapa Nairobi wanafunzi wengi wa bayokemia wanaandika kwa projekti "joto bora ni nyuzi 65" halafu wanaishia hapo. Haitoshi. Kile kipimo cha kawaida cha dakika kumi kinakuambia kimeng'enya kinafanya kazi haraka kwa joto gani, hakikuambii kitaishi muda gani, na kiwanda cha karatasi kinakiacha ndani ya rojo la mbao saa moja, mbili au zaidi, rojo likiwa bado moto na lina alkali. Kikifa baada ya dakika tano umetupa pesa.

Kabla ya maabara, angalia umbo. Ingia Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, ufungue faili 1XNB, hata kwa simu inakubali. Hiyo ni zailanesi ya bakteria Bacillus circulans, familia ya 11 ya vimeng'enya vya kukata sukari, ndogo tu, kilodaltoni 20 hivi. Utaona kitu kama mkono wa kulia uliokunjwa nusu, vidole, kiganja, na kidole gumba kimefunika bonde. Ndani ya bonde tafuta glutameti (asidi amino) mbili, namba 78 na 172, hizo ndizo zinakata zailani. Zungusha hadi uone ncha ile mnyororo unaanzia, kwa familia hii mara nyingi ndipo joto linaanza kufumua, na ndiyo maana watafiti wanapenda kuongeza daraja la salfa, kifungo kinachoshikanisha sehemu mbili za mnyororo, hapo.

Sasa kazi yenyewe.

Hatua ya 1: tengeneza bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike) ya glaisini na NaOH, pH 9, lakini pH uirekebishe ikiwa tayari imefika nyuzi 60. Hapa ndipo data nyingi huharibika bila mtu kujua. Bafa ya Trisi ndiyo mbaya zaidi, pH yake inashuka karibu 0.03 kwa kila nyuzi, kwa hivyo ukiiweka 9 kwa nyuzi 25, ikifika 60 iko karibu 8, na wewe unaandika umepima kwa 9!

Hatua ya 2: weka kimeng'enya kwa bafa peke yake, bila zailani, ndani ya wotabathi (beseni la maji ya joto) ya nyuzi 60. Toa sampuli dakika 0, 10, 20, 30 na 60, kila moja iende kwa barafu saa hiyo hiyo. Funga vifuniko vizuri, ukiona matone yamejikusanya chini ya kifuniko zungusha kwa sentrifuji kidogo kabla ya kufungua, la sivyo ujazo umebadilika.

Hatua ya 3: pima sampuli zote kwa joto moja, zailani 1%, dakika 10, kisha tia DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari iliyokatwa, chemsha dakika 5, poza, soma kwa nanomita 540. Usisahau blanki, sampuli ya kulinganishia ambayo DNS inatiwa kabla ya kimeng'enya.

Hatua ya 4: dakika 0 ndiyo 100%. Chora logi asilia ya kilichobaki dhidi ya muda, mteremko bila alama ya kutoa ni k, gawa 0.693 kwa k, hiyo ndiyo nusu-maisha, muda ambao nusu ya nguvu ya kimeng'enya inapotea.

Na urudie kipimo cha DNS na CMC, aina ya selulosi inayoyeyuka, badala ya zailani. Rangi ikitokea una selulesi ndani, kimeng'enya cha kukata selulosi, hiyo itakula nyuzi za karatasi.

MASWALI

Swali kutoka Juja: Mkuu, kama zailanesi haigusi lignini, ile gundi ya mbao yenye rangi ya kahawia, karatasi inakuwa nyeupe vipi?
Jibu: Inakata zailani iliyogandamana juu ya nyuzi za mbao na ile iliyoshikana na lignini, basi kemikali zinapita na lignini inatoka rahisi. Liisa Viikari na wenzake kule Ufini ndio walionyesha hivyo mwaka 1986. Klorini ya kuweupisha inapungua, na sumu mtoni inapungua.

Swali: Nikiweka zailani pamoja nayo kwa wotabathi inadumu zaidi, ni kosa?
Jibu: Si kosa, zailani ikikaa kwa bonde inakishikilia kisifumuke. Andika matokeo yote mawili, ila usiyachanganye kwa grafu moja.

Swali kutoka Kikuyu: Nataka kuchota tope Ziwa Bogoria wikendi hii, maji yake si ni pH 10 hivi?
Jibu: Ndiyo dada, na chemchemi zake zinatokota, mahali pazuri sana pa kutafuta bakteria wenye zailanesi inayovumilia joto na alkali. Lakini usichote kabla hujapata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya sayansi, na kile cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha rasilimali za jenetiki, na uongee na wasimamizi wa hifadhi. Anza kuomba sasa, wikendi hii haiwezekani.