Unataka kwenda Aldabra kuona makobe? Soma hii kwanza

Aldabra iko Shelisheli lakini usijidanganye ukifika Mahé, kisiwa kikuu, ndo umefika, bado kuna kama kilomita 1,100 za bahari mbele yako. Uwanja wa ndege hakuna. Miaka ya 60 Waingereza walitaka kujenga kambi ya ndege za kijeshi pale, wanasayansi wakapiga kelele weee mpaka mpango ukafa 1967, ndo maana leo kuna kitu cha kuona.

Kwa hiyo unaenda kwa meli, na kibali lazima kitoke kwa Seychelles Islands Foundation, hao ndo wanasimamia kisiwa. Ukipanda meli ya watalii wenye meli wanakushughulikia, ukikodi boti mwenyewe anza kuomba mapema sana. Hoteli hamna, unalala melini. Nenda wakati wa kaskazi, kusi ikishika bahari inachafuka na kushuka ufukweni inakuwa shughuli.

Kabla ya kushuka safisha vitu vyako, na hapa watu ndo wanazembea. Geuza mifuko ya suruali nje, kagua soksi, chokoa tope kwenye soli, zile mbegu zinazonasa kwenye mikanda ya viatu toa moja moja. Mbegu moja ngeni ikiota pale ni balaa, mbuzi tu walioletwa zamani wamekuja kuisha 2012.

Viatu viwe vigumu jamani, sio ndala! Mwamba wa kule ni matumbawe ya kale, una ncha kama wembe.

Ratiba inapangwa na maji. Yakijaa yanaingia kwa kasi kwenye milango ya kisiwa (mapengo ya kupitisha maji kwenda kwenye wangwa lililo katikati yake), unavaa miwani ya kuogelea unaachia mkondo ukubebe na samaki wako chini yako, ila usijaribu bila boti ya kukufuata maana yakianza kupwa yanakutoa nje bahari kuu.

Makobe ni kama laki moja, dume anafika kilo 250. Watafute asubuhi, jua likikaza wanabanana chini ya vichaka maana joto linawaua. Usimzibie kivuli, usimpande (wapo wanaojaribu, sijui wanawaza nini).

Halafu kuna yule ndege mdogo mwenye koo jeupe asiyeweza kuruka, wa mwisho wa aina hiyo Bahari ya Hindi. Usimkimbize, kaa chini utulie, ni mdaku, atakuja mwenyewe mpaka miguuni kukuchungulia.