Kijito chako kinageuka chai ya maziwa? Anzia mlimani

Watu wakisikia tutunze mto wanabeba mifuko kwenda kuokota chupa, sio vibaya, ila huku kwetu Kigoma mi naona adui mkubwa ni tope. Mvua zikianza udongo wa mashamba ya mlimani unashuka kwenye vijito, unaingia mto Luiche, unaishia Ziwa Tanganyika unafunika mawe ambayo samaki wanakula na kutagia.

Kwanza pata ushahidi. Siku ya mvua chota maji juu kidogo ya shamba unalolishuku, chupa nyingine chota chini yake, ziache dirishani mpaka asubuhi. Yangu ya chini iliamka na tope la kidole kizima, nikampelekea mzee mwenye shamba akaigeuza geuza weee, akasema "kumbe mbolea yangu yote iko humu". Hapo hata hujamtajia sheria (ipo, ya mazingira ya 2004, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo), ila ukianza nayo unatengeneza maadui bure.

Sasa makinga maji, yaani matuta ya kukatiza mteremko ili maji yasishuke na udongo. Tafuta fito tatu, mbili za mita 2 na moja fupi, zifunge kama herufi A, juu ning'iniza kamba yenye jiwe ivuke ile fito ya katikati. Simamisha, weka alama miguu ilipokanyaga na kamba ilipogusa, alaf geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama tena. Katikati ya hizo alama mbili za kamba ndo levo yako. Tembea nayo shambani, mguu mmoja unabaki, mwingine unausogeza mpaka kamba ikae kwenye levo, chomeka kijiti, endelea hivo hivo.

Tuta linafuata hivyo vijiti. Vitakaa kona kona, usivinyooshe! Mi nilivinyoosha ili tuta lipendeze, mvua ya kwanza tu maji yakajaa sehemu moja likapasuka, nikachekwa na kijiji kizima.

Juu ya tuta panda mabingobingo, mbuzi wanakula. Ukingoni acha matete, ongeza mikuyu, ila mikaratusi peleka mbali na chanzo, inakunywa maji balaa.

Na nyie wa mawese, yale maji machafu mkishakamua yanamaliza hewa ya samaki, chimbeni shimo mbali na kijito. Shimo la kwetu tulichimba watu wanne asubuhi moja, saa nne tushamaliza tunakula mihogo.