Juf kwa miguu: matembezi ya siku moja kwenye kijiji cha Wawalser

Kwa aliye Uswisi, kusini mwa Ujerumani au kaskazini mwa Italia, anayetaka mlima bila kamba wala mbwembwe, jibu langu ni Juf. Kijiji hiki cha Wawalser, jamii ya milimani inayosema Kijerumani, kiko jimbo la Graubünden, mita 2,126 juu ya usawa wa bahari, na mara nyingi hutajwa kuwa cha juu kuliko vyote Ulaya miongoni mwa vinavyokaliwa mwaka mzima. Wakazi ni kama 30 tu. Basi linafika mpaka kijijini, lakini ukilipanda hadi mwisho umejinyima uhondo. Shuka Avers-Cresta, kijiji kilicho kabla yake, tembea.

Panda treni kutoka Chur hadi Thusis, halafu basi la njano la posta hadi Andeer, kisha jingine linalopanda bonde la Avers. Mabasi ni machache, kwa hiyo kabla ya yote tazama kwenye programu ya SBB, shirika la reli la Uswisi, basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Mwenye kadi ya punguzo iitwayo Halbtax analipa nusu nauli.

Makaratasi nayo yana mambo yake. Kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen pamoja na pasipoti hai vinatosha kuingia Uswisi. Anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo vifurushi vingi vya simu vya Ulaya havihesabu huko. Zima data kabla hujavuka mpaka. Na hili wengi hawalijui: kadi ya bima ya afya ya Ulaya kwa kawaida haimfai Uswisi mtu asiye raia wa Umoja huo, hata kama anaishi na kulipa kodi Ujerumani. Kata bima ya safari inayogharimia na uokoaji milimani.

Kutoka Cresta, ambako kanisa jeupe limejitenga na nyumba, ni mwendo wa saa mbili hivi, na tofauti ya mwinuko haifiki mita 200. Vibao vya njano huandika muda badala ya kilomita, na muda huo hauhesabu mapumziko. Eldoret iko karibu mwinuko huohuo, lakini huku miti imeishia chini kidogo ya Cresta. Mbele yako ni majani, mawe na mto. Hapo ndipo unajiuliza Wawalser walipikia nini. Jibu ni kinyesi cha kondoo. Kilikanyagwa zizini majira yote ya baridi, kikakatwa vipande kama matofali, kikaanikwa, kikapangwa ukutani, kikawa kuni.

Wawalser walitoka bonde la juu la Wallis, jimbo la kusini mwa Uswisi, na kuanzia karne ya 13 wakatapakaa milimani hadi Italia, Liechtenstein na Austria. Mabwana wa ardhi waliwapa nyanda za juu zisizogombewa. Wao wakatoa kodi na askari, wakapata uhuru na haki ya kurithisha shamba. Mkataba mzuri kuliko vibali vingi tunavyovijua sisi wahamiaji! Usiipite nyumba kubwa ya mawe ya mwaka 1664 iliyoko njiani, ya mkubwa mmoja wa bonde hili: hata huku juu palikuwa na matajiri.

Ukikutana na watu njiani, salimia: Grüezi. Mjini Zürich ukimsalimu usiyemjua anashtuka. Huku ukimpita kimya ndiyo ajabu. Ukifungua lango la malisho, lifunge, na ng'ombe mwenye ndama mpitie mbali.

Nenda kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Beba chakula, koti la mvua na mafuta ya kukinga jua, maana jua la huku linachoma hata ngozi nyeusi. Uokoaji ni 1414 au 112. Mwenye miguu mizoefu anaweza kuendelea hadi kijiji cha Bivio kupitia njia ya mlimani ya Stallerberg, mita 2,581, lakini aanze asubuhi na mapema.