Ukitaka kuachana na bunduki zako za zamani, fanya ukiwa hai

Nimefanya kazi ya uwindaji wa kitalii Arusha tangu muda mfupi baada ya Serikali kuufungua tena mwaka 1978, na kazi hiyo ndiyo iliyonijazia sanduku la chuma: raifo ya Brno kaliba (kipimo cha upana wa mtutu) .375, nyingine ya .458, ndogo ya .22 ya kupigia kanga, na shotigani ya mitutu miwili ya mzee wangu wa Machame, aliyokuwa akifukuzia nyani shambani. Zote zilikuwa na karatasi zake, na zote zilikuwa zimelala miaka mingi. Leo sina hata moja. Nawaandikia wazee wenzangu wa Arusha na Moshi kwa sababu nimekaa kwenye misiba ambako mjane anaulizwa silaha ya marehemu iko wapi, naye hajui hata ufunguo uliwekwa wapi.

Kwanza tuelewane: kibali cha silaha ni cha mtu, si cha ukoo. Kikao cha ukoo kinaweza kumpa kitinda mimba kihamba, yaani shamba la ukoo, na nyumba, lakini hakina uwezo wa kumpa bunduki. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayetaka kuimiliki lazima aombe kibali chake mwenyewe na apitishwe na wanaohusika. Kwa hiyo ukimwachia mwanao bunduki mkononi, unamwachia kesi. Wewe mwenye jina ndiye unayeweza kulimaliza jambo hili kwa urahisi, kwa saini yako, huku kumbukumbu zako zikiwa bado timamu.

Anza na karatasi kabla hujagusa sanduku. Tafuta kitabu cha kumiliki, risiti za kulipia leseni, na ushahidi kwamba silaha ilipita kwenye uhakiki wa mwaka 2016. Kama kitabu kimepotea, toa taarifa polisi upate RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), ndipo uendelee.

Kisha fungua sanduku mchana, wajukuu wakiwa hawapo nyumbani. Kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi mpaka uone kwa macho kwamba haina. Raifo, vuta bolti, itoe kabisa, chungulia mtutu kutokea nyuma hadi uone mwanga. Shotigani ikunje, tazama chemba zote mbili, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha pitisha kidole. Baada ya hapo andika kwenye karatasi: aina, mtengenezaji, kaliba, namba. Linganisha namba hiyo na ya kitabuni, tarakimu kwa tarakimu. Kutu ikiifunika, tumia kitambaa laini na mafuta mepesi. Msasa usiuguse, maana namba iliyokwanguliwa itakuletea maswali magumu kuliko kutu yenyewe.

Hapa kwenye shotigani nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo silaha iliyojaa majumbani Kilimanjaro, na watu huichukulia kirahisi. Bunduki nyingi za Kiingereza za enzi za wazee wetu zina chemba yenye urefu wa milimita 65. Ukitenganisha mitutu na kitako, tazama sehemu bapa ya chini, karibu na chemba: kuna alama za ukaguzi zilizogongwa, na mara nyingi kipimo cha chemba kimeandikwa hapo kwa inchi, 2½. Risasi nyingi zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70. Zitaingia vizuri kabisa, kwa sababu kabla ya kupigwa mdomo wake umekunjwa. Ukifyatua, mdomo unafunguka na kukosa nafasi, presha inapanda, na mtutu wa mwaka 1930 haukutengenezwa kwa presha hiyo. Kama chuma cha mtutu kina michirizi ya mawimbi mawimbi, huo ni mtutu wa kusokotwa, wa enzi za baruti nyeusi. Usimuuzie mtu kwa matumizi. Mweleze mnunuzi mambo haya kwa kinywa chako.

Risasi za zamani zihesabu, zitie kwenye chombo chake peke yake. Zenye ukungu wa kijani kwenye shaba, au za karatasi zilizovimba kwa unyevu, usijaribu kuzipiga. Usizitupe chooni, usizichome, usizizike kwenye migomba. Zinakwenda polisi pamoja na bunduki.

Sasa, unazipeleka wapi? Ukitaka kuuza, mnunuzi apate kibali kwanza, silaha itoke kwako baadaye. Hata akiwa shemeji yako, hata akikuwekea fedha mezani. Raifo za .375 na kuendelea bado zinatafutwa na kampuni za uwindaji, na hizo zangu mbili zilipata watu. Unaweza pia kumkabidhi mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni akuuzie, kwa maandishi na kwa ufahamu wa polisi. Ile .22 na shotigani nilizisalimisha polisi bila malipo, na sioni kwamba nilipoteza. Bei ya shotigani kuukuu haifiki thamani ya usingizi wa familia.

Kituoni usitokee tu na bunduki begani. Nenda kwanza mikono mitupu, na barua fupi kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya: jina lako, namba ya kibali, orodha ya silaha na risasi, na maneno “naomba kusalimisha kwa hiari”. Nakala mpe mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Omba askari waje kuzichukua nyumbani. Ukiambiwa uzilete, zije kwenye gari binafsi, zikiwa tupu, ndani ya begi, risasi kando, kitabu mfukoni. Bodaboda na daladala hapana.

Usiondoke bila hati ya makabidhiano yenye namba ya kila silaha, idadi ya risasi, jina na cheo cha aliyepokea, saini na muhuri. Ukiambiwa urudi kesho kuichukua, omba kwa heshima usubiri hapo hapo. Siku nyingine fuatilia uhakikishe jina lako limefutwa kwenye rejista. Nakala akae nayo mama watoto.

Kama umekuta bunduki isiyo na karatasi, labda gobore la babu darini, usiibebe kwenda popote. Nenda na mwenyekiti wako mkatoe taarifa. Kuna vipindi Serikali hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, kama Septemba na Oktoba 2022. Nje ya kipindi cha msamaha, tafuta wakili kabla ya kwenda kutoa taarifa.

Na kwa wawindaji wenzangu: tazameni na ukutani. Pembe, ngozi na meno ni nyara, nazo zina hati zake chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Polisi wakija kuchukua bunduki, wataiona pia ile pembe ya nyati juu ya kochi. Hati yake iwe tayari mezani, na kama huna, muone afisa wanyamapori wa wilaya kabla ya siku hiyo.