Jinsi ya kuandaa maji ya tanini ya kusukutulia vidonda vya kinywa

Ukitafuna tunda lisiloiva, ulimi unakuwa mkavu na mzito papo hapo. Ukakasi huo ni tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mimea kama chai na mpera, ikiwa kazini: inashikana na protini za mate na za utando wa kinywa, inazikaza. Juu ya kidonda, kukaza huko kunaacha ngozi nyembamba inayofunika nyama mbichi, maumivu yanapungua, na fizi zinazovuja damu zinatulia. Kwa hiyo ukakasi ndiyo dawa yenyewe, usijaribu kuuondoa.

Hatua ya 1. Chukua gramu 5 za majani makavu ya chai, au kiganja kimoja cha majani ya mpera yaliyooshwa.

Hatua ya 2. Tafuta chombo cha kioo au cha udongo, si cha chuma kitupu. Ukitaka kujua sababu, tumbukiza msumari wenye kutu kwenye kikombe cha chai ya rangi, ulaze hadi asubuhi. Utakuta maji meusi kama wino, na kweli kwa karne nyingi Ulaya iliandika kwa wino wa tanini na chuma. Tumboni nako tanini hukamata madini ya chuma ya chakula, ndiyo maana mwenye upungufu wa damu namkataza chai kali wakati wa kula.

Hatua ya 3. Mimina mililita 200 za maji yanayochemka, funika kwa dakika 15. Kafeini hutoka upesi, tanini inataka subira. Usitie sukari, na maziwa ndiyo kabisa: protini yake itaidaka tanini kabla haijafika kwenye kidonda.

Hatua ya 4. Chuja, acha yapoe, onja. Ulimi usipokauka, umeyazimua mno.

Hatua ya 5. Sukutua kwa dakika 1, tema. Rudia mara 3 au 4 kwa siku, baada ya kula. Yanayobaki yamwage siku hiyohiyo.

Aliyeng'oa jino na damu bado inachuruzika aume mfuko wa chai uliolowanishwa kwa dakika 20 hadi 30, bila kuutoa kuchungulia.

Majeraha ya moto usiyaguse kwa maji haya. Mwaka 1925 daktari Edward Davidson wa Detroit, Marekani, alitangaza tiba ya majeraha hayo kwa asidi ya tanini, ikaenea sana. Katika miaka ya 1940 ikaachwa, baada ya kuonekana kwamba tanini inayopenya kwenye jeraha pana huumiza ini. Kidonda cha kinywa ni kidogo, hakifiki huko. Lakini kikipita wiki 2 bila kufunga, acha kusukutua, nenda kikaangaliwe.