Masharti ya Korona yameondoka kwenye meli na Disney, karatasi zako je?

Kila likizo ya watoto inapokaribia, swali lilelile hurudi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: ukienda bustani za burudani za Disney au ukipanda meli ya utalii, bado wanataka kadi ya chanjo ya Korona? Jibu ni hapana. Shida ni kwamba ujumbe unaosambazwa kulijibu mara nyingi ni wa 2021 au 2022. Watu wanahangaikia masharti yaliyokwisha kufutwa, na yale yanayoweza kumwacha mama bandarini akiwa na begi lake hayatajwi na mtu.

Tulimalize la Korona kwanza. Nazungumzia zaidi Marekani, maana ndiko meli nyingi za Karibiani zinakoanzia. Machi 2020, mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya huko, CDC, ilizizuia meli kusafirisha abiria. Wengi tunaikumbuka meli ya Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, Japani, mwezi mmoja kabla, ambako zaidi ya watu 700 kati ya 3,711 waliambukizwa. Safari za abiria zilianza tena katika bandari za Marekani Juni 2021, kwa chanjo, vipimo na barakoa. Tarehe 18 Julai 2022 CDC ikaufunga mpango wake wa Korona kwa meli, na kila kampuni ikaachiwa ijiamulie. Zililegeza moja baada ya nyingine. Kampuni ya meli ya Norwegian, kwa mfano, iliondoa chanjo, kipimo na barakoa kwa mpigo Oktoba mwaka huo. Kwa anayetoka nyumbani Afrika kwa ndege, Marekani iliacha kudai kipimo Juni 2022, na chanjo ya Korona Mei 2023.

Disney World ya Orlando ilifunguliwa tena 11 Julai 2020, lakini Disneyland ya California ilibaki imefungwa hadi 30 Aprili 2021. Barakoa ziliondolewa, zikarudishwa, zikaondolewa tena. Leo hutaulizwa. Utakachokutana nacho ni mabaki ya kipindi kile. Wakati wa Korona ilibidi ujiandikishe siku ya kuingia ili watu wasijazane. Orlando imewaondolea sharti hilo wenye tiketi za tarehe maalumu tangu Januari 2024, ila California imeendelea nalo. Kwa hiyo ukinunua tiketi ya Disneyland bila kushika nafasi ya siku, unaweza kufika getini na watoto wanne ukarudishwa. Chakula nacho huagizwa kwa simu, na bustani kadhaa nchini humo zimeacha kabisa kupokea pesa taslimu. Ile huduma ya bure ya kuruka foleni, FastPass, ilisimamishwa wakati wa ugonjwa na haikurudi. Siku hizi kuruka foleni ni kwa kulipia. Tahadhari za afya ziliondoka haraka kuliko zile zinazoingiza hela, lakini hayo tuwaachie wenyewe.

Sasa meli, ambako ndiko penye kazi.

Watu hudhani meli inayoondoka Miami na kurudi Miami ni safari ya ndani. Sivyo. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za nchi hiyo bila kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za utalii zimesajiliwa nje, kwenye nchi kama Bahamas na Panama. Ndiyo maana safari itapita Nassau huko Bahamas, Cozumel huko Meksiko au kisiwa kingine. Hata ile ya Alaska kutoka Seattle hutia nanga Kanada. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake, Bunge la Marekani lilitoa ruhusa ya muda meli ziende Alaska bila kupita huko. Ruhusa hiyo ilikwisha, lakini bado nawasikia watu wakiapa kwamba Alaska haihitaji viza.

Raia wa Marekani ana unafuu mkubwa. Wewe mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, kaa chini na ratiba ya meli, uandike kila nchi inayoguswa, kisha uangalie viza ya kila moja kwa pasipoti yako, si kwa pasipoti ya rafiki uliyepanga naye safari. Usiseme utabaki melini wengine wakishuka. Kampuni hukagua karatasi za safari nzima kabla hujapanda, na zikipungua hupandi, wala hurudishiwi nauli. Meksiko ni rahisi: mwenye viza hai ya Marekani au grinikadi (kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani) haombi viza nyingine. Kanada ndipo Wakenya wanaponasa. Mkenya, hata akiwa na viza hai ya Marekani, anatakiwa awe na viza kamili ya Kanada. Mwenye grinikadi hahitaji viza hiyo, lakini abebe grinikadi yenyewe pamoja na pasipoti ya nchi yake.

Ukimpeleka mzazi aliyekuja kutembea, fungua ukurasa wa viza yake. Chini ya neno Entries, tafuta herufi M. Ikiwepo, anaruhusiwa kuingia zaidi ya mara moja. Ukiona namba 1, alikwisha itumia siku alipotua, na kurudi kutoka Bahamas ni kuingia upya. Hapo usilipie chochote kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji.

Wale wenye kesi ya hifadhi (asylum) ambayo haijaamuliwa, hili ni lenu. Ukitoka Marekani bila kibali cha kusafiri ulichokipata kabla ya kuondoka, ombi lako huhesabiwa kuwa umeliacha, hata kama umetoka kwa siku nne kwenda kuogelea. Nendeni Orlando, pasipovuka mpaka. Na ndugu zetu waliopokelewa kama wakimbizi kutoka Nyarugusu au Kakuma, ambao hawajawa raia, wanahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, na tena waulize kila kisiwa kama kinaipokea bila viza. Hati hiyo huombwa kwa fomu I-131 na huchelewa, kwa hiyo iwe mkononi kabla ya kulipia meli.

Kadi ya Korona imestaafu. Ile ya njano bado iko kazini. Visiwa kadhaa vya Karibiani hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa mtu aliyetoka karibuni nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo kwenye orodha. Wewe uliyekaa Minnesota mwaka mzima haikuhusu. Inamhusu mama aliyetua Jumatano na meli inang'oa nanga Jumamosi. Chanjo huanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti hakina mwisho, hata cha zamani kinatosha. Mwambie akiweke ndani ya pasipoti, asikiache kabatini Kisumu.

Bima ndiyo iliyobadilika kimyakimya. Wakati wa Korona kampuni nyingi za meli zilikuwa laini: ukiugua kabla ya safari, unapewa fedha zako au safari nyingine. Huruma hiyo ilikwisha pamoja na barakoa. Leo ukiamka na homa asubuhi ya safari, nauli ni hasara yako kama huna bima ya kughairi. Melini kuna zahanati yenye daktari, lakini gharama huandikwa kwenye akaunti ya chumba chako, na bima nyingi za afya za Marekani hazilipi nje ya nchi. Kwa mzazi asiye na bima yoyote, nunua ya msafiri inayogharamia na kusafirishwa kwa helikopta au ndege ya wagonjwa, na usome sehemu inayohusu maradhi ya zamani. Sukari na presha huweza kuwa sababu ya kunyimwa malipo. Ziandike wazi unaponunua, hata bei ikipanda.

Kuhusu kuugua kwenyewe, hofu yangu melini ni tumbo zaidi ya Korona. Kirusi cha norovirus hupita kwenye vijiko vya bafe na mikono ya watoto, na sanitaiza haikiwezi vizuri. Kwenye mlango wa ukumbi wa chakula utamkuta mfanyakazi mwenye chupa ya kupulizia, anacheka na kila mtu. Mpokee, lakini pita kwanza kwenye sinki ukanawe kwa maji na sabuni. CDC hukagua usafi wa meli zinazotumia bandari za Marekani bila kutoa taarifa, na alama huwekwa mtandaoni bure. Meli iliyopata 85 kushuka chini imefeli. Angalia kabla ya kulipa. Barakoa si lazima, ila kwa wazee mimi huzipakia mbili tatu za ndani ya ndege na kumbi za maonyesho, pamoja na vipimo vichache vya kujipima wenyewe.

Zoezi la dharura nalo lilihamia kwenye simu wakati wa ugonjwa na kampuni nyingi zikaliacha hukohuko: unatazama video, kisha unakwenda mwenyewe kituo chako kuhakikiwa. Mzee asiyetumia simu janja mpeleke kwa mkono siku ya kwanza mapema. Na dawa zake zibaki kwenye mkoba wa mkononi, maana mabegi yanayokabidhiwa kwa wapagazi bandarini huweza kufika chumbani jioni.