Kabla ya kuchimba shimo refu Tanga: mambo ya kuzingatia kwenye ukuta wa nanga

Mwenye kiwanja akitaka ghorofa lenye maegesho chini ya ardhi, huanza kwa kuuliza unene wa ukuta. Aulize kwanza kilichoko nyuma ya ukuta, kwa sababu ukuta wa nanga, yaani ukuta unaozuia kingo za shimo kwa nyaya za chuma zilizofungwa ndani ya udongo ulio nyuma yake, unashikwa na ardhi usiyoiona, na huku kwetu ardhi hiyo aghalabu ni matumbawe, mchanga na maji.

Maji ndiyo ya kuanza nayo. Toboa visima vyembamba vya kupimia mapema, kisha upime wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Karibu na ufuko, tuseme Raskazone, maji ya ardhini hupanda na kushuka yakifuata bahari, kwa hiyo aliyepima siku za maji mafu anampelekea injinia kipimo cha kumpumbaza. Tofauti si ndogo. Kwenye mchanga wa kawaida ulio mkavu, kina cha mita 3, ukuta unasukumwa kwa takriban tani 1.8 kwa kila mita ya mraba. Mchanga uleule ukijaa maji hadi juu, msukumo unafika karibu tani 4. Kama ratiba inaliacha shimo wazi masika yakiingia mwezi Machi, nanga hazijafungwa, badilisha ratiba. Na pampu nazo ziangaliwe: zikitoa maji yenye mchanga, mchanga huo umetoka chini ya nyumba ya mtu.

Nanga yenyewe ni nyaya za chuma au nondo, zinazoingizwa kwenye tundu lililoinama kidogo, mara nyingi nyuzi 15 hadi 30. Ncha ya ndani inashikwa na grauti, yaani uji wa saruji na maji unaoganda, ya nje inavutwa kwa jeki na kufungwa ukutani. Udongo unaotaka kuporomoka una umbo la kabari inayoanzia chini ya shimo na kupanda nyuma ya ukuta kwa nyuzi kama 60 kutoka usawa wa ardhi. Grauti lazima ishike ng'ambo ya kabari hiyo. Ikishika ndani yake, ni sawa na kujifunga kamba kwenye mnazi unaoanguka.

Kwa shimo la mita 9, kabari inafika juu mita 5 hivi kutoka ukutani, na nanga inaendelea zaidi ya hapo. Kwenye viwanja vilivyobanana vya Ngamiani maana yake ni chini ya nyumba ya jirani. Pata idhini yake kwa maandishi. Pigeni picha za nyufa zake za zamani pamoja naye, mwenyekiti wa mtaa akiwepo, maana baada ya kuchimba kila ufa utakuwa wako.

Matumbawe yana vishimo na mapango. Tundu la upana wa milimita 150, lenye sehemu ya kushikwa na grauti ya mita 6, linajaa kwa lita 106 hivi, yaani grauti ya mifuko mitatu ya saruji. Likimeza mifuko kumi na bado halijajaa, simamisha na umwite injinia. Usikubali fundi aendelee kumimina akisema litajaa tu.

Kila nanga ivutwe kupita mzigo itakaoubeba kabla ya kuitegemea. Usichimbe zaidi ya nusu mita hivi chini ya mstari wa nanga ambao haujafungwa, hata kama ekskaveta imekodiwa kwa saa. Kama ukuta ni wa kudumu, nyaya ziwe ndani ya ala ya plastiki, chumvi ya huku haina huruma. Viungo vya nanga na ukuta navyo viangaliwe: mwaka 2004 shimo la reli lilianguka Nicoll Highway, Singapore, likaua watu 4. Lilizuiwa kwa mihimili ya chuma badala ya nanga, lakini palipoachia kwanza ni maungio ya mihimili hiyo na ukuta.

Mwisho, weka alama ukutani zisomwe kila asubuhi, na mkubaliane kabla ya siku ya kwanza ukuta ukisogea milimita ngapi kazi inasimama na nani ana mamlaka ya kuisimamisha kazi hiyo. Asiwe mtu anayelipwa kwa kasi ya kuchimba.